Mashine ya kukaangia kahawa nyumbani: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Ukiwa na mashine ya kukaangia kahawa nyumbani hapa Dodoma, hukosi washauri. Jirani anafuata harufu, fundi redio anafuata mashine, na muuza kahawa wa kijiweni, aliyezoea kikaango na mkaa tangu hujui buni ni nini, anakuja kukucheka. Kila mmoja ana lake. Mengine wanayosema ni kweli kabisa. Haya yafuatayo si kweli, au ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayounguza koili, yaani waya unaopasha joto.

“Haikaangi vizuri kwa sababu joto halitoshi. Ongeza koili.”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowatuma watu kushika bisibisi. Mashine nyingi zinazogeuzwa kuwa za kahawa ni zile ndogo za bisi, zinazopuliza hewa ya moto kutoka chini. Bisi inataka joto kali la ghafla ilipuke ndani ya dakika chache. Kahawa haitaki hivyo. Ukimwaga gramu 100 za buni humo bila kubadili chochote, mpasuko wa kwanza, yaani sauti ya punje zikipasuka kwa joto, unaweza kuja kabla ya dakika ya nne au ya tano, punje zikiwa zimeshageuka kahawia nje huku ndani bado hazijaiva. Ukiinywa unapata ladha ya nyasi na uchachu unaokwaruza ulimi. Kwa hiyo mtu anadhani joto ni dogo, kumbe limezidi. Ukiweza kuivuta kazi ifike dakika 8 mpaka 12, kahawa ile ile inakuwa kitu kingine.

Igeuze uifungue chini uone tatizo lilipo. Koili imezungushwa kwenye vipande vya mika, yaani jiwe jembamba linalostahimili joto, na mota ya feni ina diodi nne ndogo mgongoni, zinazogeuza umeme uwe wa mwelekeo mmoja (DC). Kwenye nyingi ya mashine hizi mota ni ya volti chache, na umeme wake unapita kwanza kwenye sehemu ya koili. Joto na upepo vimefungwa pamoja. Ukipunguza umeme wa koili, feni nayo inalegea, punje zinaacha kuruka, zinakaa chini na kuungua upande mmoja.

Badiliko la kwanza lenye maana, basi, ni kuvitenganisha: feni ipate adapta yake ya DC yenye volti ilizozoea, na koili ipite kwenye dima, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza umeme. Kisha unaanza na upepo mwingi maana buni mbichi ni nzito, na kadiri zinavyokauka na kuwa nyepesi unapunguza upepo kidogo kidogo. Sheria moja hapa haina mjadala: feni inawaka kabla ya koili na inazimwa baada ya koili. Koili ikiwaka dakika moja bila upepo, umeshaipoteza.

Dima yenyewe isiwe ile ya taa ya ukutani. Koili ya wati 1,200 kwenye volti 230 inavuta zaidi ya ampea 5. Chukua dima yenye uwezo wa mara mbili ya hapo, yenye bamba la kupozea, na uifunge ndani ya kasha ambalo mtoto hawezi kuingiza kidole.

“Fyuzi ya joto inazima zima mashine, iunganishe moja kwa moja.”

Hapana. Tafuta inayozimisha. Mara nyingi inayokata na kurudisha umeme ni swichi ya joto iliyo pembeni ya koili, kwa sababu mashine ilitengenezwa kwa kazi ya dakika chache. Hiyo unaweza kuibadilisha kwa yenye kiwango cha juu zaidi. Fyuzi ya joto ni kitu kingine: ikikatika imekatika, na inakatika ili nyumba isiungue. Ikishakufa weka mpya.

Na fundi akimaliza, angalia alivyounganisha nyaya karibu na koili. Risasi ya kawaida ya kuchomelea, ile ya bati na risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na buni yenyewe inavuka 200. Waya wa kawaida wa nyumba, wenye ganda la plastiki, umetengenezewa nyuzi 70. Karibu na koili panatakiwa waya wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo, na maungio ya kubana au ya skrubu. Kazi ya fundi inaweza kupendeza machoni mezani, halafu ikaachia katikati ya mkaango.

“Mashine imechoka. Mchana inakaanga, jioni haifiki.”

Kabla hujaisema mashine, chukua mita upime soketi. Nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili. Umeme ukitoka 230 ukafika 200, koili ya wati 1,200 inabaki na wati 900 na ushei. Robo ya joto imekwenda, na wewe umefanya kila kitu kama jana. Jioni watu wanapika, wanapiga pasi, wanawasha feni, na nyumba zilizo mbali na transfoma zinaliona hilo zaidi. Ekstensheni ndefu na nyembamba nayo inakula volti zake, tena ukiiacha imeviringishwa inapata moto. Kaanga asubuhi, chomeka ukutani, andika volti kwenye daftari pamoja na dakika. Hilo daftari litakufaa kuliko kifaa chochote utakachoagiza.

Wenye mashine za kutoka Marekani wana shida iliyo kinyume. Zile ni za volti 120. Ukiichomeka hapa kwetu bila transfoma, koili inapata karibu mara tatu na theluthi mbili ya nguvu yake, na haitadumu kukuonyesha. Transfoma nayo isiwe ya kuchajia simu. Mashine ya wati 1,200 inahitaji ya wati 2,000 ipumue. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba transfoma haibadili hetsi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwenye mashine zinazokaangia ndani ya ngoma, pipa dogo la chuma linalozunguka, ngoma inayozungushwa na mota ya sinkronasi (inayofuata hetsi za umeme) iliyotengenezewa hetsi 60 itazunguka kwa kasi ya tano ya sita kwenye hetsi 50 zetu. Si kuharibika huko, ila punguza kiasi cha buni ili punje zichanganyike.

“Kipima joto kikisoma nyuzi 196, kahawa imepasuka.”

Kipima joto kinasoma mahali kilipo, basi. Ncha ikiwa kwenye njia ya hewa inasoma hewa, ambayo ina joto kuliko punje. Ikiwa imezama katikati ya punje inasoma karibu na ukweli, na ikigusa chuma inasoma chuma. Watu wawili wanaweza kukaanga buni ya gunia moja, huyu akasikia mpasuko kwenye 185 na mwenzake kwenye 205, na wote wako sahihi. Ifunge ncha mahali pamoja isihame, sikiliza mpasuko, andika namba iliyosomeka. Hiyo ndiyo namba ya mashine yako. Ya mtu mwingine haikuhusu.

“Ngoma? Tengeneza kwa bati lolote.”

Bati la mabati lina tabaka la zinki, na zinki hiyo huanza kubanduka ikikaa muda mrefu kwenye joto la juu ya nyuzi 200. Kopo la rangi lisizungumzwe kabisa. Tafuta chuma kisichopakwa kitu au chuma kisichoshika kutu.

“Buni ya AA ndiyo inayokaangika vizuri.”

AA ni ukubwa wa punje unaopimwa kwa chekeche. Utamu haupimwi hapo. Faida kwa mwenye mashine ni kwamba punje za ukubwa mmoja zinaiva pamoja, na B, daraja la punje ndogo kidogo, iliyochambuliwa vizuri inatoa faida hiyo hiyo kwa bei nafuu. Buni yetu inatoka mbali, Mbinga, Mbozi, Kilimanjaro, na ikifika Dodoma inakutana na hewa kavu ya miezi mingi bila mvua. Buni nzuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Iache kwenye gunia wazi mwezi wa nane na wa tisa, itazidi kukauka, itakaangika haraka na ladha itapooza. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki mzito ndani ya gunia.

Tena mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni ile ile inanyanyua punje chache. Mwenzako wa pwani akikwambia gramu 100, wewe anza na 85.

“Iache ipoe humo humo.”

Itaendelea kuiva. Imwage kwenye chujio kubwa la chuma, elekeza feni, ipoe ndani ya dakika nne. Ungo subiri kwanza. Ukindu na punje za nyuzi 210 havipatani. Kahawa ikishapoa ndipo unatoka nje kupepeta makapi, na upepo wa Dodoma unafanya kazi hiyo bila malipo. Makapi hayo hayo yakibaki kwenye mashine ndiyo yanayoshika moto, hasa kwenye zile zenye wavu chini badala ya matundu ya pembeni. Yakiwaka, zima koili, chomoa, usimwage maji.

“Nyeusi ndiyo yenye nguvu.”

Hapa namwachia muuza kahawa haki yake. Kahawa chungu ya kuchemshwa, yenye tangawizi na kashata pembeni, inataka mkaango mweusi, na uchungu huo ndio watu walioufuata. Lakini kafeini haiongezeki kwa kuunguza. Kinachobadilika ni uzito: gramu 100 za buni zikipelekwa mpaka mpasuko wa pili, unaokuja baada ya ule wa kwanza punje zikiwa nyeusi, zinatoka na gramu 82 hivi. Anayetafuta nguvu ya kweli anunue robusta ya Kagera, aina ya kahawa yenye kafeini karibu mara mbili ya aina nyingine, arabika, aikaange anavyopenda.

Na usiifungie kwenye chupa siku hiyo hiyo. Kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, na kifuniko kilichokazwa kinaweza kuruka. Kilegeze. Kwa ya kuchuja subiri siku ya tatu au ya nne; ya birika la tangawizi unaweza kuinywa hata kesho yake.