Ndoo ya lita 20 si kilo 20 kwa kila zao

Msimu wa mavuno ukikaribia, makundi ya simu ya wakulima na wanunuzi wa mazao huku Dodoma hupokea ujumbe uleule: "Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ya zao lolote ni kilo 20." Si kweli.

Lita hupima nafasi ambayo kitu kinajaza. Kilo hupima uzito. Kwa maji, namba hizo mbili hulingana, na kuna sababu: mwaka 1795, Ufaransa ilipoweka vipimo vya metriki, gramu ilitokana na uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Shuleni tumejifunza kwa maji, basi hesabu hiyo tukaibeba hadi ghalani.

Mahindi makavu, ndoo hiyohiyo ikisawazishwa mdomoni, hutoa takriban kilo 14 au 15. Mafuta ya kula ni kilo 18 na kitu. Alizeti, yenye maganda mepesi na hewa katikati, haifiki hata kilo 10! Anayeilipia kama kilo 20 anaumia vibaya, na wengi ni watu wa mtaji mdogo.

Kuhakikisha ni rahisi. Pima ndoo tupu kwenye mizani, ijaze, isawazishe, pima tena, kisha toa uzito wa ndoo. Sokoni, ulizeni bei ya kilo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kama ulishautuma, waandikie wenzako kwenye kundi hilohilo kwamba unahusu maji tu.