Je, wajua kwa nini mfupa wa taya hupungua baada ya kung'oa jino?

Mtazame mzee kibogoyo, awe barazani Mikindani au sokoni Lindi mjini. Mashavu yamebonyea, na akifumba mdomo kidevu kinakaribia pua. Wengi husema ni uzee tu. Kumbe kilichoondoka si meno peke yake: mfupa uliokuwa umeyashika nao umekwenda.

Ile sehemu ya taya inayobeba mizizi ipo kwa ajili ya meno. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini, na kila ukitafuna, nyuzi hizo huuvuta mfupa kidogo, nao ukajua kwamba bado una kazi. Ndani ya mfupa wowote ulio hai zimo seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na hazilali. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Jino likitoka, mzigo umekwisha, na ubomoaji huushinda ujenzi. Ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya palipong'olewa jino unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Upande wa nje, ule wa shavu na mdomo, ndio unaoumia zaidi, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba tangu awali.

Aliyezoea pengo lake anaweza kuishi nalo bila kuujali mfupa. Shida huja pale anapotaka implanti, yaani skrubu ndogo ya metali iitwayo titaniamu inayozamishwa ndani ya taya ishike nafasi ya mzizi, kisha jino la bandia likafungwa juu yake. Njia hii ilitokana na kazi ya mtafiti Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevishika, havitoki. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza meno ya namna hiyo.

Lakini titaniamu hushikwa na mfupa, haishikwi na fizi. Implanti ya kawaida ina unene wa milimita 4 hivi, na pande zote inahitaji kuzungukwa na mfupa wa milimita moja au zaidi. Kwa hiyo ukingo uwe na upana wa milimita 6 au 7. Uliobaki na milimita 3 hauwezi kuibeba, ingechomoza ubavuni. Hapo ndipo daktari hupandikiza mfupa kwanza.

Mfupa huo hutoka wapi? Waweza kutoka kwako mwenyewe: kidevuni, nyuma ya taya la chini, au nyongani kama unaohitajika ni mwingi. Waweza kutoka kwa mtu aliyekubali kutoa mwili wake baada ya kufa, ukasafishwa na kuuawa vijidudu. Mwingi unaotumika ni wa ng'ombe, uliochomwa na kusafishwa hadi yakabaki madini matupu, punje kama chumvi ya mawe. Upo pia unaotengenezwa maabara kwa kalsiamu na fosfeti.

Na upo unaotoka kwenye matumbawe. Watu wa pwani yetu wanayajua vizuri. Nyumba kongwe za Mikindani zilijengwa kwa mawe yake. Mifupa ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti yenye vitundu vingi vilivyounganika, na kwa aina fulani ukubwa wa vitundu hivyo unakaribiana na ule wa mfupa wa binadamu, ndiyo maana tangu miaka ya 1970 wataalamu wameyatengenezea vipandikizi. Nasisitiza, ni kazi ya kiwandani. Matumbawe ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi yamo ndani ya hifadhi ya bahari, yaachwe yalipo.

Punje zozote zile, kazi yake ni ya jukwaa la fundi mwashi. Mishipa midogo ya damu hupenya katikati yake, seli zinazojenga zikafuata na kuweka mfupa mpya, na taratibu jukwaa lenyewe likaliwa na mwili, ingawa punje za ng'ombe hukawia sana kwisha. Juu yake daktari hutandika utando mwembamba ili nyama ya fizi, ambayo hukua upesi kuliko mfupa, isiwahi kujaza nafasi. Muumini asione haya kuuliza hapa, maana utando mwingi hutengenezwa kwa kolajeni, yaani protini ya ngozi na kano, ya nguruwe, na upo wa ng'ombe pia. Ni haki yako kujua kinachowekwa mwilini mwako kabla ya ganzi, na daktari mzuri atakueleza.

Taya la juu, huko nyuma, lina tatizo lake. Juu ya magego kuna uwazi wenye hewa unaopakana na pua, na magego yakitoka uwazi huo hushuka. Daktari huinua ngozi yake ya ndani polepole na kujaza punje chini yake. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharibu kazi hii yote, kwani damu haifiki inavyotakiwa na kidonda hakiponi.

Si kila mtu anahitaji kupandikizwa. Picha ya eksirei, au CT skani, ndiyo itakayosema. Ila siku ya kung'oa jino muulize daktari wako kama shimo linaweza kujazwa punje palepale, maana hilo hupunguza sana upotevu wa mfupa na huenda likakuepusha na upasuaji mkubwa baadaye. Kwa aliyekaa na pengo miaka mingi bado inawezekana, lakini ni safari ndefu: miezi minne hadi tisa mfupa ukomae, kisha mingine mitatu hadi sita implanti ishikwe. Mkulima wa Newala au Tandahimba ahesabu kwamba mwaka mzima au zaidi unaweza kupita, na miadi yake aipange isigongane na kupulizia mikorosho wala kuokota korosho.