Surat: Barabara Husema Kabla ya Muuzaji

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kununua shifoni, jojeti na satini kwa ajili ya maduka ya Kariakoo, na mji ninaourudia kuliko mingine yote ni Surat, katika jimbo la Gujarat, kama kilomita 260 kaskazini mwa Mumbai. Anayetafuta kanga na vitenge itamfaa zaidi kwenda Jetpur. Surat ni mji wa poliesta na wa sari zinazovaliwa India nzima. Wanunuzi wengi wageni hushuka kwenye bajaji mlangoni mwa soko, wakapanda ghorofani na kuanza kuuliza bei. Mimi siku ya kwanza sinunui kitu, hutembea tu.

Sababu ni kwamba nguo ya Surat haitengenezwi chini ya paa moja. Hufumwa kwenye karakana za mtaa mmoja, hupelekwa kutiwa rangi na kupigwa chapa katika viwanda kama vile vya Pandesara, hurudi sokoni, huenda kudariziwa, hupitia majumbani kwa akina mama wanaokata nyuzi zilizobaki, kisha hurudi tena dukani kukunjwa na kufungwa. Kila hatua hupita barabarani mbele ya macho ya mtu yeyote, juu ya mikokoteni, pikipiki na vichwa vya mahamali. Jora la kitambaa kibichi, ambacho hakijaonja rangi, wenyewe huliita taka, na nilichukua muda kuzoea kumsikia dalali akiniahidi kwa uso mkavu kwamba ana taka nzuri. Maneno mengine hayana haja ya mkalimani: dalali ni dalali, hamali ni hamali, na laki ni ile ile elfu mia moja.

Kando ya Ring Road, ambako majengo ya masoko yamebanana, ninachokitazama kwanza ni vipande vinavyouzwa kwa kilo. Haya ni mabaki ya viwandani, na mchoro uliokwisha kufika kwenye lundo la kilo ni mchoro ambao mji wenyewe umeuchoka. Nikipanda ghorofani nikaonyeshwa ua lile lile kwa jina la toleo jipya, nakunywa chai yangu, nashukuru na kuondoka.

Vichochoro navyo vina somo lake. Safari moja nilisimama karibu na mama aliyekaa kizingitini, sari ya buluu imegeuzwa ndani nje mapajani mwake, akikata kwa mkasi mdogo nyuzi zilizoruka kutoka ua moja hadi jingine. Hulipwa kwa idadi ya sari, kwa hiyo mkono wake ulikwenda mbio, na ua moja kati ya kila matano au sita alilikata karibu mno na fundo. Fundo la namna hiyo hufunguka likifuliwa mara ya kwanza, na mteja wa Kariakoo hamjui mama huyo, ananijua mimi. Tangu siku hiyo kitambaa cha darizi nakikagua kwa kuanzia upande wa nyuma.

Mitaa ya karakana huisikia kabla hujaiona, kwa kishindo kisichokatika mchana wala usiku. Wafumaji wengi ni wahamiaji kutoka Odisha, ng'ambo ya pili ya India, hasa wilaya ya Ganjam, na zamu yao ni ya saa 12, kazi ngumu kuliko bei ya mita inavyoonyesha. Vibanda vya chai vya mitaa hiyo vikiwa vitupu wakati wa kubadilishana zamu, najua wamerudi kwao kwa harusi au sikukuu, na siamini ahadi yoyote ya kupata mzigo ndani ya wiki mbili.

Kalenda pia ni ya kuheshimiwa. Mwaka mmoja nilifika siku mbili baada ya Diwali, nikakuta milango yote imeshushwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa Gujarat hufungua vitabu vyao upya siku ya Labh Pancham, yaani siku ya tano ya mwaka wao mpya unaoanza baada ya Diwali. Nilikula locho, kile kitafunwa cha dengu cha mvuke, asubuhi na jioni hadi soko likafunguliwa, na gharama ya hoteli ikala faida ya robota moja.

Jambo la mwisho ninaloangalia ni ghala. Agosti 2006 maji yaliyofunguliwa kutoka bwawa la Ukai, kwenye mto Tapi, yalifunika sehemu kubwa ya mji, na hata katika masika ya kawaida vyumba vya chini hushika unyevu ambao huusikii mpaka robota ifunguliwe Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya kulipa huomba nishushwe kuonyeshwa mahali mzigo ulipo, na ukiwa chini ya usawa wa barabara, huomba upandishwe nikiwa bado nimesimama hapo hapo.