Stratford-upon-Avon: Mji Uliozaliwa na Gulio

Dhana: Bila Shakespeare mji huu usingekuwapo

Wengi wetu tulimfahamu Shakespeare, mshairi na mwandishi wa tamthilia, kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, na kwa kuwa Stratford-upon-Avon, mji wa Uingereza, hutajwa pamoja naye kila mara, ni rahisi kudhani kwamba yeye ndiye aliyeufanya mji. Yeye alizaliwa mwaka 1564. Gulio la Stratford lilipata hati ya Mfalme Richard wa Kwanza mwaka 1196, miaka 368 kabla yake. Jina lenyewe ni la zamani zaidi: maana yake ni mahali pa kina kifupi ambapo watu wa barabara ya Kirumi waliuvuka mto Avon kwa miguu. Mji ulifanywa na askofu aliyetaka mapato, kisha na mafundi na wachuuzi waliomwamini wakahamia.

Dhana: Miji ya kale ilijiotea tu, bila mpango

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na hapa ndipo ninapoupenda mji huu. Askofu wa Worcester, John of Coutances, tayari alimiliki kijiji cha wakulima kando ya mto. Hakukipanua. Alipima eneo jipya upande wa kaskazini, akachora mitaa iliyonyooka na kukata viwanja vya ukubwa mmoja: takriban mita 18 kwa upana, mita 60 kwa urefu. Kodi ilikuwa peni 12 kwa mwaka.

Sikia tofauti. Mkulima wa kijijini alidaiwa siku za kazi kwenye mashamba ya bwana wake. Mwenye kiwanja mjini alilipa fedha, akamaliza. Angeweza kukiuza au kukirithisha, na hakutozwa ushuru sokoni. Upande wa barabarani aliweka karakana na mahali pa kuuzia, nyuma akabaki na ua mrefu wa bustani na mifugo. Ndiyo maana viwanja vilikuwa virefu: kila mtu alitaka uso wa barabara, na uso wa barabara ulikuwa ghali. Orodha iliyoandikwa mwaka 1252 inaonyesha viwanja kama 240, na wengi wa waliovichukua walibeba majina ya vijiji vya jirani walikotoka.

Ushahidi ungali unaonekana. Kanisa la Holy Trinity, alikozikwa Shakespeare mwaka 1616, liko pembeni, mbali na maduka. Wageni hushangaa. Kanisa halikuhama, ni mji uliojengwa kando yake, na mtaa wa kanisa hadi leo unaitwa Old Town, yaani Mji wa Kale.

Dhana: Soko lilikuwa mahali pa yeyote kutandaza bidhaa

Haikuwa hivyo. Haki ya kuendesha gulio ilitoka kwa mfalme, na siku ilitajwa: Alhamisi. Mwenye haki hiyo ndiye aliyekusanya ushuru. Mitaa ilibeba majina ya kilichouzwa: Sheep Street ni mtaa wa kondoo, na Rother Street ni mtaa wa ng'ombe, kwa neno la Kiingereza cha kale.

Usafi nao ulisimamiwa. Mwaka 1552 John Shakespeare, baba wa mshairi, alitozwa faini ya shilingi moja kwa kulundika taka Henley Street. Alikuwa fundi wa glavu za ngozi, na miaka 16 baadaye akawa mkuu wa baraza la mji. Kwa hiyo hata ile hadithi kwamba mshairi alikuwa kijana aliyetoka porini haina msingi. Nyumbani kwao watu waliijua biashara na hesabu.

Dhana: Nyumba za mbao zote ni za enzi za kati

Moto uliunguza mji mwaka 1594, ukarudi 1595, nyumba zipatazo 200 zikateketea. Mwaka 1614 nyingine 54 ziliungua kwa muda usiofika saa mbili. Nyingi zinazopigwa picha High Street zilijengwa baada ya majanga hayo. Iliyo maridadi kuliko zote, ya mwaka 1596, ilijengwa na Thomas Rogers, mchinjaji wa nyama. Mjukuu wake John Harvard ndiye aliyeacha jina lake kwenye chuo kikuu kule Marekani.

Kongwe kweli ni daraja la mawe. Hugh Clopton, mtoto wa eneo hilo aliyetajirika hadi kuwa meya wa London, alilijenga mwishoni mwa karne ya 15 mahali pa lile la mbao ambalo watu waliliogopa mto unapofurika. Magari yanapita juu yake mpaka leo.

Dhana: Leo umebaki utalii tu

Utalii ni mkubwa, hasa tangu reli ilipofika mwaka 1860. Lakini kila Oktoba katikati ya mji hufungwa kwa ajili ya gulio la mwaka liitwalo Mop. Sasa ni bembea na vyakula. Zamani lilikuwa gulio la kazi. Vijakazi na vibarua walisimama barabarani wakiwa na alama ya fani zao, kwa mfano mchungaji na sufu ya kondoo, wakisubiri mwajiri wa kuwachukua kwa mwaka mzima. Wiki kama mbili baadaye lilifuata gulio dogo, Runaway Mop, la wale waliokwishamkimbia bwana mpya wakatafuta mwingine. Nalo bado hufanyika.