Abiria katika behewa la treni ya mfano: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayesimama stesheni ya Moshi wakati treni ya Dar es Salaam inapoingia haoni miguu ya abiria hata mmoja. Huona vichwa, mabega, kiwiko kilichotokeza dirishani, na pengine ncha ya mtandio inayopepea. Jambo hilo husahauliwa na wengi wetu tunaounda treni ndogo za mfano tunapotaka kuweka abiria ndani ya mabehewa, na nyingi kati ya dhana potofu ninazozisikia katika kazi hii zinatokana na kusahau huko.

Iliyoenea kuliko zote ni dhana kwamba kukata miguu ya sanamu ni kuiharibu. Mtu hununua sanamu za abiria waliokaa, akazipanga vitini, kisha akashangaa kuona magoti yanagonga kiti cha mbele na vichwa vimekaribia dari, akaamua kwamba ameuziwa kipimo kisicho sahihi. Kwa kawaida tatizo liko kwenye behewa lenyewe, kwa sababu sakafu yake huinuliwa ili kupisha magurudumu na bamba la chuma la kuongeza uzito, hivyo nafasi iliyobaki kati ya kiti na sakafu huwa finyu. Katika kipimo cha 1:87, yaani kila urefu ukigawanywa kwa 87, kiti halisi chenye kimo cha sentimita 45 kinapaswa kuwa na milimita 5 hivi, na yapo mabehewa mengi ya plastiki yasiyotoa hata nusu ya nafasi hiyo. Dawa yake ni kukata miguu magotini kwa wembe mkali, kisha kusugua makalio ya sanamu kwa msasa, kidogo kidogo, huku ukimjaribisha abiria kitini mpaka mabega yake yaonekane juu kidogo ya ukingo wa chini wa dirisha. Wapo wanaoondoa kila kitu chini ya kiuno, nami siwalaumu, kwa kuwa atazamaye kwa nje hana njia ya kujua.

Wengine hudhani kwamba HO na OO, majina ya vipimo viwili vya treni za mfano, ni kitu kimoja kwa sababu treni za aina zote mbili hupita juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Reli ni moja, lakini HO ni 1:87 na OO, inayotumika zaidi Uingereza, ni 1:76. Mtu wa sentimita 170 huwa na kimo cha milimita 19.5 katika HO na zaidi ya milimita 22 katika OO. Abiria mdogo kidogo ndani ya behewa kubwa hupita bila kutambuliwa, lakini aliyezidi huonekana jitu. Anayetaka kuunda behewa la reli yetu, iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, akumbuke pia kwamba reli hiyo ina upana wa mita moja, na kwa kipimo cha 1:87 watengenezaji hutumia njia ya milimita 12.

Kuhusu uzito, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mtu wa kilo 70 akipunguzwa kwa 1:87 katika urefu, upana na unene, hubaki na uzito wa takriban gramu 0.11, na plastiki haipishani sana na mwili wa binadamu kwa uzito wa ujazo. Abiria 60 hawafikishi hata gramu 7, ilhali pendekezo la NMRA, chama cha waunda treni za mfano cha Marekani, kwa behewa la HO lenye urefu wa sentimita 20 ni kama gramu 140. Sanamu za madini ndizo za kuhofia: 60 za namna hiyo huweza kukaribia gramu 50, tena juu ya sakafu, mahali panapolifanya behewa liyumbe kwenye kona.

Katika rangi, dhana ni kwamba kadiri unavyochora kwa undani ndivyo abiria atakavyopendeza. Jicho halisi lenye upana wa sentimita 3 huwa theluthi moja ya milimita, nalo limo nyuma ya kioo, ndani ya kivuli. Kinachoonekana ni tofauti ya rangi kati ya uso, nguo na kiti. Kwa hiyo ngozi ya kahawia ipakwe weusi uliopungua kidogo kuliko ilivyo kweli, la sivyo kichwa kitazama gizani, na khanga itoshelezwe na rangi moja kali yenye nukta mbili tatu begani. Rangi zote ziwe zisizong'aa.

Gundi nimejifunza kwa hasara. Nilidhani ile ya kukauka papo hapo ndiyo bora, nikawabandika abiria wa behewa zima jioni moja ya masika na kufunga paa. Asubuhi vioo vyote vilikuwa na ukungu mweupe. Mvuke wa gundi hiyo huganda unapokutana na unyevu na kutua juu ya kioo kama vumbi, na behewa lililofungwa huuzuia usitoke. Gundi nyeupe ya maseremala haina tabia hiyo, hukauka bila kuacha rangi, na abiria aliyekaa vibaya aweza kubanduliwa kwa kibano bila kuvunja kiti.

Si lazima kujaza kila kiti, ingawa behewa la daraja la tatu lenye watu wanne halisadikiki. Jicho hukamata upesi zaidi abiria watatu wenye mkao uleule waliofuatana. Mgeuze mmoja kichwa, mwingine mwondoe mkono.

La mwisho ni paa. Wapo wanaolibandika moja kwa moja wakidhani kazi imekwisha. Liache lishikwe na ndoano zake tu, kwa sababu baada ya safari kadhaa mezani abiria mmoja atalegea na kulala kifudifudi dirishani, na utahitaji kuingia kumwinua.