Mtoto Akihama, Gharama Zinabaki Shuleni

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Bukavu, ninayesali naye hapa St. Louis, alinisimamisha baada ya ibada. Mwanawe na mtoto wa jirani hucheza mpira kwenye uwanja mmoja, lakini asubuhi kila mmoja hupanda basi lake, kwenda shule mbili zisizokaribiana hata kidogo kwa ubora. Aliomba mwanawe ahamie kule kwenye nzuri, akakataliwa. "Kaka, si ni serikali moja?" akaniuliza.

Nimeshika hesabu za shule za umma katika jimbo hili la Missouri kwa miaka mingi, na sijasikia swali linalogusa kiini cha jambo hili kuliko hilo.

Si serikali moja. Ukisikia wilaya ya shule Marekani, usifikirie wilaya ya kwetu inayosubiri fungu kutoka wizarani. Hii ni mamlaka inayojitegemea: ina bodi iliyopigiwa kura, mipaka yake, na kodi yake ya nyumba na ardhi. Jimbo huongezea fedha, lakini penye nyumba za bei ya chini, hata wakazi wakikubali kutozwa kiwango kikubwa, kinachopatikana ni kidogo. St. Louis County peke yake ina zaidi ya wilaya 20 za namna hii. Na mpaka ukishachorwa, ni mgumu kuvuka. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken v. Bradley, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba wilaya za pembezoni mwa Detroit haziwezi kulazimishwa kuingia kwenye mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe bila kuthibitishwa kuwa nazo zilihusika na ubaguzi.

Missouri iliacha upenyo. Sheria ya 1993 inasema wilaya ikinyang'anywa ithibati, yaani kibali cha jimbo kwamba shule zake zinafikia viwango, watoto wake wanaweza kuhamia wilaya yenye ithibati katika kaunti hiyohiyo au ya jirani, na wilaya walikotoka ndiyo ilipe karo. Kwa miaka mingi ilibaki kwenye makaratasi. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema itekelezwe, na Normandy, wilaya ya hapa St. Louis County yenye watoto weusi karibu wote, ilikuwa imepoteza ithibati Januari mwaka huohuo. Watoto kama 1,000 wakaondoka, takriban robo ya wanafunzi wote.

Normandy ilitakiwa kuchagua wilaya moja ambako italipia mabasi. Ikachagua Francis Howell, ng'ambo ya mto Missouri, zaidi ya kilomita 30. Wapo waliodai iliteuliwa kwa umbali wake ili wazazi wakate tamaa. Hawakukata. Watoto walisimama vituoni gizani, kabla hata ya jua kuchomoza. Upande wa pili, Julai, wazazi wa Francis Howell walijaa ukumbini, na mmoja akataka milango ya shule iwekewe mashine za kukagua silaha. Walikuwa wanazungumzia watoto wa shule ya msingi pia. Bado naumia nikikumbuka.

Lakini kilichoiangusha Normandy kilikuwa ankara. Karo haikuwa kiwango kimoja. Kila wilaya ilitoza kufuatana na matumizi yake yenyewe. Francis Howell ilitoza takriban dola 11,000 kwa mtoto kwa mwaka. Clayton, kwenye majumba ya gharama, karibu 20,000. Watoto 100 wakienda Francis Howell, Normandy inadaiwa dola milioni 1.1, wakienda Clayton, karibu milioni 2. Mabasi bado hujayalipa.

Watu huniambia, "Si watoto wamepungua, gharama nazo zipungue?" Chukua darasa la tatu lenye watoto 24. Watatu wanahama. Mwalimu ni yuleyule, mshahara uleule. Basi la njano linapita kona zilezile. Januari, baridi ikishuka chini ya sifuri, jengo lote linapashwa joto kama jana. Ukitaka kumpunguza mwalimu, itabidi uunganishe madarasa mawili, na watoto 21 wawe 42. Kwa hiyo pesa za watatu zinatoka, na gharama zao karibu zote zinabaki kugawanywa kwa 21 walioachwa. Ndani ya mwaka mmoja Normandy iliachisha kazi zaidi ya watu 100 na kufunga shule moja ya msingi.

Haki ya mtoto kuhama naitetea bila kusita. Kosa lilikuwa kumpa ankara yule aliyeshindwa tayari. Jimbo ndilo lililonyang'anya ithibati, na jimbo ndilo lililopaswa kulipa.

Jimbo likafanya jingine. Julai 1, 2014 liliivunja wilaya na kuiunda upya kwa jina la Normandy Schools Collaborative, likatangaza kwamba wilaya hii mpya haina hadhi yoyote ya ithibati. Kwa tafsiri hiyo sheria ya kuhama haikuigusa tena, na Francis Howell ikafunga mlango kwa watoto waliokwisha kukaa nao mwaka mzima. Familia zikaenda mahakamani. Agosti, mwezi uleule Michael Brown, kijana aliyekuwa ametoka tu kumaliza Normandy High School, alipouawa na polisi katika mji wa jirani wa Ferguson, jaji aliamuru watoto walioshtaki wapokelewe. Februari 2015 aliamua kwamba kubadili jina hakukufuta kilichokuwepo.

Yule mama alinieleza pia kwamba shemeji yake amejitolea kumpa anwani, kwa kuwa anaishi upande wa pili. Nilimkataza palepale. Mwaka 2011, huko Ohio, mama mmoja aliwekwa jela siku 9 kwa kutumia anwani ya babake ili wanawe wasome wilaya ya jirani. Kwa mgeni ambaye makaratasi yake bado yanashughulikiwa, hatari ni kubwa zaidi.

Jumamosi tumekaa mezani kwake tukaandika barua kwa bodi zote mbili, tukaambatanisha mkataba wa nyumba, bili ya umeme na ripoti za mtoto. Kikao ni Alhamisi jioni. Nitakwenda naye kutafsiri.