Kiongeza cha ganzi ya mgongo si ganzi ya ziada

Nasikia mara nyingi ikisemwa kwamba mzazi fulani "aliongezewa ganzi" alipofanyiwa upasuaji wa kujifungua, kwa kuwa bomba la sindano lilikuwa na dawa mbili. Hapo kuna mambo mawili yaliyochanganywa.

Kiongeza ni dawa nyingine inayotiwa kidogo kwenye dawa ya ganzi na kuchomwa nayo pamoja kwenye maji ya uti wa mgongo, ili maumivu yatulizwe vizuri zaidi au kwa muda mrefu zaidi. Vinavyotumika sana ni fentanili na mofini, dawa kali za kutuliza maumivu.

Tazama bomba lenyewe: mililita 2.2 za bupivakaini nzito ya asilimia 0.5 (hii ndiyo dawa ya ganzi), yaani miligramu 11, na mililita 0.3 za fentanili, yaani mikrogramu 15. Bupivakaini huzima mishipa ya fahamu yenyewe, ndiyo maana miguu hulegea na presha hushuka. Fentanili haizimi mishipa. Hushika vipokezi ndani ya uti wa mgongo na kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo, bila kulegeza miguu. Kwa hiyo mtaalamu wa ganzi anaweza kupunguza bupivakaini badala ya kuizidisha, na presha ya mama ikaepuka mporomoko mkubwa. Faida yake huonekana pale daktari anapovuta mfuko wa uzazi: mama husikia kuvutwa, lakini kero ile ya ndani ya tumbo hupungua.

Na sukari iliyomo kwenye bupivakaini nzito? Hiyo haitulizi maumivu. Kazi yake ni kuifanya dawa iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, ishuke kufuata mkao wa mama.

Fentanili na mofini nazo zisiwekwe kapu moja. Fentanili huyeyuka haraka kwenye mafuta, hivyo huwahi kufanya kazi na kuisha baada ya saa chache. Hiyo ni ya kwenye meza ya upasuaji. Mofini, mikrogramu 100 hadi 150 tu, tena isiyo na kihifadhi, huchelewa kuanza lakini humtuliza mama wodini kwa saa 12 hadi 24. Hubaki muda mrefu kwenye yale maji na huweza kupanda kuelekea kichwani, ndiyo sababu upumuaji wa mama huendelea kuangaliwa hata baada ya miguu kurudiwa na nguvu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kuwashwa. Mama anajikuna pua na uso, faili linaandikwa "aleji ya mofini", na maandishi hayo yanamfuata hadi uzazi ujao, ananyimwa dawa iliyomfaa. Kuwashwa peke yake, bila vipele, bila kuvimba, bila kubanwa kifua, ni athari ya kawaida ya dawa hizi zikiwa mgongoni. Tuandike hivyo tu: "aliwashwa baada ya mofini ya mgongo."